Kiazi kilipokuwa ua, na ua la dalia lilipojaribiwa kuwa chakula

Mbele ya nyumba nyingi za Goma, Bukavu na Butembo, nafasi ya kupanda kitu ni ndogo. Kuna parsele zenye hatua tano tu kati ya mlango na barabara, na huko Goma sehemu ya hatua hizo ni mawe ya lava ambayo jembe haliingii. Basi swali huja lenyewe nyumbani: hapo tupande maua, ama tupande chakula? Mmoja anataka mgeni akifika aone uzuri. Mwingine anahesabu sahani za jioni. Kwa familia iliyotoka kambini na kuanza upya, ama inayoishi kwenye kipande cha ardhi cha jamaa, nafasi ni ndogo zaidi na swali ni zito zaidi.

Mara nyingi tunajibu kana kwamba mimea iligawanywa tangu mwanzo wa dunia: huu ni wa macho, huu ni wa tumbo. Lakini mimea miwili inayostawi vizuri katika baridi ya milima ya Kivu inaonyesha kwamba mgawanyo huo ulifanywa na watu, na kwamba watu wenyewe waliubadilisha kila mara njaa, vita ama amri ya mkubwa ilipowafikia. Mmea wa kwanza ni dalia, lile ua kubwa la duara, jekundu, la manjano ama la zambarau. Wa pili ni kiazi cha kizungu, kile ambacho watu wengi wa Masisi na Rutshuru wanakiita kirayi. Yote miwili huweka akiba yake chini ya udongo. Yote miwili ilivuka bahari kutoka Amerika. Na huko Ulaya yote miwili ilibadilishwa kazi: kilichokuwa chakula kikatazamwa kama ua, na kilichofika kama ua kikapelekwa chunguni kujaribiwa.

Yote miwili ni ya milimani

Ukisikia "kiazi cha kizungu" unaweza kufikiri kwamba kilizaliwa Ulaya. Si hivyo. Kiazi kilianza kulimwa miaka elfu kadhaa iliyopita katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, karibu na ziwa Titicaca, pale ambapo leo Peru inapakana na Bolivia. Ziwa hilo liko mita zaidi ya 3 800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko karibu mita 1 460. Wakulima wa Titicaca walikuwa na viazi vya aina nyingi sana, vyeupe, vyekundu na vyeusi, vitamu na vichungu, na walijua kuvihifadhi. Waliviacha nje usiku vigande kwa baridi, kisha wakavikanyaga kwa miguu kutoa maji, wakavianika juani. Kilichobaki kiliitwa chuño. Kilikuwa kikavu, chepesi, na kiliweza kukaa ghalani miaka.

Wahispania walipoiteka nchi hiyo, walianza kuchimba madini ya fedha katika mlima wa Potosí mwaka wa 1545. Chakula kilichowalisha wachimbaji, wengi wao wakiwa wamepelekwa kwa nguvu, kilikuwa chuño. Mkulima alilima, mchimbaji akala akashuka shimoni, na mali ikapanda meli. Mtu wa Rubaya hahitaji kuelezwa zaidi.

Dalia nayo ni ya milimani, lakini ya Mexico. Waazteki waliijua kabla Mzungu yeyote hajaiona. Baadhi ya aina zake zina shina lenye uwazi ndani kama bomba, na jina moja la zamani, acocotli, linataja bomba la maji. Mizizi yake minene ilitumiwa kama dawa, na wengine waliila. Mwaka wa 1570 mfalme Filipo wa Pili wa Hispania alimtuma mganga wake, Francisco Hernández, aende Mexico kuandika habari za mimea ya huko. Hernández aliiona dalia, akaiandika pamoja na dawa nyingine za wenyeji. Wakati huo haikuitwa dalia, na hakuna Mzungu aliyeipanda mbele ya nyumba yake.

Kiazi bustanini mwa mabwana

Kiazi ndicho kilichovuka bahari kwanza. Andiko moja la biashara la mwaka wa 1567 linaonyesha viazi vikipakiwa melini katika visiwa vya Kanari kwenda Antwerpen, bandari ambayo karne nyingi baadaye meli za Wabelgiji zilitoka kuja Matadi. Mwaka wa 1573 hospitali moja ya mji wa Sevilla, Hispania, ilinunua viazi. Huko kusini maskini na wagonjwa walikuwa wameanza kuvila.

Kaskazini ya Ulaya mambo yalikuwa mengine. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1588, mtaalamu wa mimea Carolus Clusius, aliyekuwa akiishi Vienna, alipokea viazi viwili kutoka kwa Philippe de Sivry, mkubwa wa mji wa Mons, katika nchi inayoitwa leo Ubelgiji. Baadaye De Sivry alimtumia pia picha ya mmea huo iliyopakwa rangi. Picha hiyo ingalipo katika makumbusho ya Plantin-Moretus mjini Antwerpen, na ni mojawapo ya picha za zamani kabisa za kiazi zinazojulikana. Ukiitazama, macho yanakwenda kwanza kwenye shina, majani na maua. Viazi vyenyewe vimekaa chini kabisa.

Miaka michache baadaye, mwaka wa 1597, Mwingereza John Gerard alitoa kitabu kikubwa cha habari za mimea. Mwanzoni mwa kitabu kuna picha yake mwenyewe, amevaa kitajiri, ameshika kitu mkononi. Hakushika waridi. Ameshika tawi la kiazi lenye maua.

Kwa nini walikitazama kiazi kama ua? Sababu ya kwanza ni ya mmea wenyewe. Viazi vya Andes vilizoea siku zenye saa kama kumi na mbili za mwanga, kama siku za kwetu hapa karibu na ikweta. Kiangazi cha Ulaya kina siku ndefu sana. Kiazi kilichopandwa huko kilitoa majani mengi na maua mazuri, lakini chini kilichelewa kutunga, na mavuno yakawa madogo madogo. Ilichukua vizazi vingi vya kuchagua mbegu kabla viazi havijazoea siku za kule. Sababu ya pili ni hofu. Kiazi ni wa ukoo mmoja na mimea yenye sumu ambayo Wazungu waliijua tangu zamani. Tena hakitajwi katika Biblia, na kiliota gizani chini ya ardhi. Tajiri aliweza kukipanda bustanini apendeze wageni. Mkulima hakutaka kulisha watoto wake kitu asichokijua.

Chakula ambacho udongo unakificha

Kilichomfanya mkulima abadili mawazo hakikuwa kitabu. Kwa sehemu kubwa ilikuwa vita.

Katika karne ya 17 majeshi ya wafalme yalipita na kurudi katika nchi ya Flandria, Ubelgiji ya leo. Jeshi la wakati huo halikubeba chakula cha kutosha. Lilikula kwa raia. Askari walipofika kijijini walielekea ghalani, wakachukua ngano yote, wakaondoka. Familia iliyokuwa na ngano peke yake ilibaki na njaa mpaka mavuno mengine. Lakini familia iliyokuwa na viazi ardhini ilibaki na kitu, kwa sababu askari mwenye haraka hakuwa na nafasi ya kuchimba shamba zima. Mwanahistoria William McNeill aliandika kwamba njia za majeshi zilisaidia sana kueneza kiazi katika Ulaya: pale vita ilipopita, wakulima walikikumbatia.

Jambo hili wenye kuhama wa Kivu wanalielewa bila mwalimu. Muhogo unaoachwa ardhini na kiazi ambacho hakijachimbwa vimewalisha wengi waliorudi kwa siri kutazama mashamba yao.

Wafalme nao waliliona. Mwezi wa tatu wa mwaka 1756, Frederick wa Pili, mfalme wa Prussia, alitoa amri kwa watumishi wake wawafanye wakulima kupanda viazi kila mahali inapowezekana. Mwaka huohuo vita kubwa ilianza, ikadumu miaka saba. Lakini kujificha kwa kiazi hakukudumu milele. Mwaka wa 1778 Prussia na Austria zilipigana tena, na safari hii askari wa pande zote walikuwa wamekwisha kukijua kiazi. Walitumia siku nyingi wakichimbua mashamba ya raia kuliko kupigana wao kwa wao, hata watu wakaiita vita hiyo Vita vya Viazi. Chakula kinachofichwa na udongo kinamsaidia raia mpaka siku ile mwenye bunduki atakapojifunza kuchimba.

Paris: mmoja aliingia, mwingine alitoka

Miongoni mwa wafungwa wa vita ile ya miaka saba alikuwako Mfaransa mmoja, Antoine Parmentier, mtu wa dawa katika jeshi. Huko gerezani kwa Waprussia alilishwa viazi. Wafaransa wengi waliviona kama chakula cha nguruwe. Parmentier alivila, hakufa, hakuugua, na aliporudi nyumbani akaanza kuvitetea. Mwaka wa 1772 waganga wa chuo cha Paris walikubali kwamba kiazi hakina madhara kwa mlaji.

Watu waliendelea kusita. Mwaka wa 1786 mfalme Louis wa 16 alimpa Parmentier kipande cha ardhi mbaya, yenye mchanga, pale Sablons nje ya Paris, apande viazi vyake. Inasimuliwa kwamba Parmentier aliweka askari kulinda shamba mchana na kuwaondoa usiku, ili watu waseme "kinacholindwa hivi lazima kiwe na thamani," kisha waje kuiba na kwenda kupanda kwao. Inasimuliwa pia kwamba mfalme alivaa ua la kiazi kifuani na malkia Marie Antoinette akalichomeka kwenye nywele. Ikiwa ilikuwa hivyo, basi wakubwa hao walitumia uzuri wa ua kuwauzia watu chakula.

Mapinduzi yalipokuja na mkate ukakosekana Paris katika miaka ya 1790, utawala mpya haukuhitaji ujanja. Bustani ya Tuileries, mbele ya jumba la wafalme, pale palipokuwa na vitalu vya maua kwa ajili ya matembezi ya mabwana, ilipandwa viazi.

Wakati huohuo dalia ilikuwa inaanza safari yake. Mwaka wa 1789 Vicente Cervantes, wa bustani ya mimea ya mji wa Mexico, alituma mbegu kwa padri Antonio José Cavanilles huko Madrid. Mwaka wa 1791 Cavanilles aliuandika mmea huo na kuupa jina la dalia, kwa kumkumbuka Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Sweden aliyefariki mwaka wa 1789. Kwa hiyo jina tunalolitumia ni la mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Mexico. Wale walioijua dalia karne nyingi kabla yake hawakuulizwa.

Mwaka wa 1802 mizizi ya dalia ilifika Paris, katika bustani kubwa ya mimea ya mji huo. Mizizi hiyo inafanana na viazi vitamu: minene, imeshikana kwenye shina moja. Wafaransa walikuwa wametoka kwenye njaa, na kiazi kilichodharauliwa kilikuwa kimewaokoa. Ni rahisi kuelewa kwa nini watu walijiuliza kama hiki nacho kitakuwa kiazi kipya. Walikipika, wakakionja. Hakikuwapendeza. Ladha ilikuwa ya ajabu na hawakuizoea.

Sayansi ya leo inaeleza tatizo la pili. Akiba ya kiazi ni wanga, na tumbo la mtu linaugeuza kuwa nguvu. Akiba ya dalia kwa sehemu kubwa ni kitu kingine, kinaitwa inulini. Tumbo letu haliwezi kukivunja. Kinateremka mpaka kwenye utumbo mpana, na huko vijidudu ndivyo vinavyokila, tumbo likajaa hewa. Mtu anaweza kula dalia akahisi amejaa, lakini akarudi shambani na nguvu kidogo.

Hivyo dalia iliondolewa jikoni ikarudishwa mbele ya nyumba. Josephine, mke wa Napoleon, aliipanda katika bustani yake ya Malmaison. Watu wa bustani wakagundua kwamba mbegu zake hazitoi watoto wanaofanana na mama: kutoka ua jekundu unaweza kupata la manjano, la waridi, lenye safu moja ama lenye safu nyingi. Katika karne ya 19 aina zake zikawa maelfu. Huko Mexico, serikali iliitangaza dalia kuwa ua la taifa mwaka wa 1963. Na katika jimbo la Oaxaca bado wako watu wanaopika mizizi yake, kwa sababu wao hawakuisahau kama chakula.

1845: mbegu moja, mlo mmoja

Mtu angeweza kusema hapa kwamba historia imekwisha: kiazi kilishinda, maua ni ya wenye kushiba. Mwaka wa 1845 unakataza kusema hivyo.

Mwaka huo ugonjwa mpya wa viazi ulionekana Ubelgiji, ukaenea haraka kwa upepo na mvua. Majani yalipata madoa, yakawa meusi kwa siku chache, na viazi vikaoza ardhini vikinuka. Ugonjwa huo ni uleule ambao wakulima wetu wanauita miledyu, unaokuja wakati wa mvua na ukungu. Katika Flandria watu wengi walikufa kwa njaa na maradhi.

Ireland ndiyo iliyoumia kuliko nchi zote. Familia maskini za huko zilikodi vipande vidogo vya ardhi kwa mabwana, na kwenye kipande kidogo kiazi peke yake ndicho kilichoweza kushibisha nyumba nzima. Mamilioni walikula viazi asubuhi na jioni, na wengi walipanda aina moja tu, iliyoitwa Lumper. Kiazi hupandwa kwa kiazi, kwa hiyo shamba zima ni kama mtu mmoja aliyejirudia mara elfu. Ugonjwa uliommaliza mmoja uliwamaliza wote. Kati ya 1845 na 1852 walikufa karibu watu milioni 1, na zaidi ya milioni 1 walihama nchi yao. Haikuwa kazi ya ugonjwa peke yake. Katika miaka hiyo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza, na waliokosa kulipa kodi ya ardhi walifukuzwa nyumbani.

Waliohama wa Ireland walijua kwamba kiazi kile kilichowalea ndicho kilichowaangusha. Kosa halikuwa la kiazi. Lilikuwa la kukiachia kila kitu.

Kufika Kivu, na amri ya mkoloni

Katika milima yetu kiazi kilifika mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mikononi mwa wamisionari, Wajerumani waliokuwa upande wa Rwanda, na Wabelgiji. Udongo wa volkeno na baridi ya Masisi, Rutshuru, Lubero, Kabare na Walungu vilikipenda. Na siku za saa kumi na mbili, zilezile za Titicaca, kilizikuta hapa. Kwa maana hiyo kiazi "cha kizungu" kilipofika Kivu kilikuwa kimekaribia hali ya kwao kuliko kilipokuwa Paris.

Bustani za maua nazo zilikuja na wakoloni. Bukavu, ambayo Wabelgiji waliiita Costermansville mpaka miaka ya 1950, ilijengwa kwa nyumba zenye maua mbele na mboga nyuma, na mikono iliyochimba, kumwagilia na kupalilia ilikuwa ya boyi. Jioni boyi alirudi kwao mtaani, na huko alilima ili ale.

Shambani mambo yalikwenda kwa lazima. Sheria ya mwaka wa 1917 iliwaruhusu wakubwa wa koloni kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, siku 60 kwa mwaka. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, mwaka wa 1942, siku hizo zilipandishwa hadi 120. Mkulima wa Prussia aliyeamriwa mwaka wa 1756 angeitambua hali hiyo, ingawa yeye kiazi chake alikila mwenyewe. Hapa kwetu mazao mengi ya lazima yalikwenda kwa kampuni na kwa vita ya wengine. Hata ua lilipewa kazi: katika milima ya Kivu wakoloni walipanda pareto, ua jeupe linalotengenezewa dawa ya kuua wadudu. Mashamba yalichanua vizuri, lakini hakuna aliyeyapanda kwa ajili ya uzuri.

Baada ya uhuru kiazi kilibaki, na safari hii kwa hiari ya watu. Leo mwenye duka, dereva, mwanafunzi na mchimbaji wanakila pamoja na maharage, na mama anakikaanga kando ya barabara. Majina kama Kinigi na Cruza yanajulikana sokoni kama majina ya majirani.

Kwenye hatua tano za leo

Turudi mbele ya nyumba. Historia haisemi kwamba maua ni upuuzi, wala haisemi kwamba kila kipande lazima kiwe shamba. Inasema kwamba anayeamua awe yule atakayekula, na aamue kwa kujua kila mmea unatoa nini.

Kiazi kinatoa chakula ndani ya miezi mitatu hadi minne. Gramu 100 zina karibu kilokalori 77, pamoja na vitamini C. Pale penye lava, gunia lililojazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza linatosha kwa viazi vichache vya mbegu. Chagua mbegu za ukubwa wa yai la kuku, ziache zichipue mahali penye mwanga usio wa jua kali, na shina likirefuka endelea kuongeza udongo. Ukiona mche umenyauka ghafla mchana ingawa udongo una maji, ung'oe wote pamoja na udongo wake, uutupe mbali na bustani. Huo ni mnyauko, unakaa ardhini na hauna dawa ya kunyunyizia. Usirudishe viazi hapo msimu unaofuata, wala usiweke nyanya, biringanya ama pilipili, maana ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni ya pamoja. Weka maharage ama lenga-lenga.

Hofu ya Wazungu wa zamani haikuwa bure kabisa. Kiazi kilichopigwa na jua kikawa cha kijani kina sumu, na vitunda vidogo vya kijani vinavyofuata maua ni sumu pia. Watoto waonywe, kwa sababu vitunda hivyo vinafanana na nyanya ndogo.

Dalia haishibishi nyumba, na asiwepo mtu wa kudanganya familia yenye njaa kwamba itashibisha. Mizizi inayouzwa kwa ajili ya maua inaweza kuwa imepakwa dawa. Hiyo isiliwe hata kidogo. Lakini dalia inaleta nyuki, ambao maboga na matango ya jirani yanawahitaji. Ua lake linauzwa kwa harusi na kwa misiba. Si la ukoo wa kiazi. Linahitaji sehemu isiyotuama maji, kwa sababu mizizi yake huoza. Pembe moja kando ya mlango inatosha, na mzizi wa kwanza unaweza kuombwa kwa jirani bila franga hata moja, mradi kila kipande kina jicho la kuchipua.

Kwa familia yenye hatua tano, hesabu ni hii: nne kwa chakula, na chakula hicho kisiwe cha aina moja. Moja, ama pembe yake tu, kwa ua, kama moyo wa nyumba unalitaka. Kwenye ardhi ya kuazimwa, zungumza kwanza na mwenye parsele kuhusu mavuno yatakuwa ya nani, kabla ya kuzika mbegu ya kwanza.

Na kuhusu mbegu, wale wa Titicaca walipanda aina nyingi kwa sababu walijua kwamba baridi ikiua moja, nyingine itabaki. Ukipata mbegu za aina mbili, panda zote mbili, kila moja mahali pake. Siku ya kuchimba, kabla moto haujawashwa, tenga viazi vya msimu ujao kutoka kwenye mashina yaliyokuwa na afya, viweke kando, na kila mtu nyumbani ajue kwamba hivyo haviliwi.